Nafundisha Kiingereza kijijini Bulgaria: watoto wananyamaza, na nyumba haipati joto

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Tanga. Nina stashahada ya ualimu na nilifundisha Kiingereza sekondari kabla ya kuolewa. Mume wangu ni Mbulgaria, dereva wa malori ya masafa marefu. Tangu Agosti tunaishi nyumbani kwa wazazi wake, kijiji kidogo cha milima ya Rhodope kusini mwa Bulgaria, na mji wa karibu ni Smolyan. Nasema "tunaishi", lakini mwenzangu muda mwingi yuko barabarani, kwa hiyo nyumba inabaki na mimi na mama mkwe, ambaye ni mtu mzima sana.

Mkuu wa shule ya hapa aliomba niwaanzishie watoto klabu ya Kiingereza mara mbili kwa wiki baada ya masomo. Tunakutana kwenye chitalishte, yaani jumba la kijiji lenye maktaba na ukumbi. Watoto ni 14, wa darasa la 2 mpaka la 7, wote chumba kimoja, saa nzima. Kwenye karatasi wanajitahidi kweli. Wakubwa wanajaza mazoezi ya sarufi bila kosa. Lakini nikimwambia mtoto aseme, anakuwa jiwe. Nikiuliza kama wameelewa wanatikisa kichwa, nafundisha upya, wanatikisa tena. Wadogo nao wananichanganya: nimeandika neno ubaoni kwa mkono mzuri kabisa, wanalisoma kitu kingine. Na wale wa darasa la 7 wameanza kukosa.

La pili ni baridi. Kuni tulinunua Oktoba, zinatoa moshi na maji yanachuruzika kwenye ncha. Usiku nabana hewa ya jiko ili moto ufike asubuhi. Chumba kinakuwa na uvuguvugu tu, na siku hizi naamka kichwa kinauma, mpaka nikitoka nje kidogo ndipo kinaachia. Nimefikiria kununua mkaa nitengeneze jiko dogo la kuwasha chumbani kwangu.

La tatu ni watu. Ni wema, lakini kila sherehe naletewa rakia, pombe yao kali ya matunda, na mimi ni Mwislamu. Ajabu ni kwamba hata kijiji chenyewe nusu ni Waislamu, ila sijui niongee nao vipi kuhusu dini, maana wakubwa hukaa kimya. Kuna mtoto shuleni ana jina moja na bibi yake anamwita jingine. Watu wananitazama sana, wengine wanashika nywele zangu. Na kwenye milango na nguzo wamebandika picha za watu zenye maandishi, sielewi kama wanatafutwa au vipi.

Nianze wapi, Shangazi?

Mwalimu wa Mlimani

*

Marahaba, mwanangu. Anza na kichwa chako, leo hii, kabla ya habari ya darasa.

Kichwa kinachouma alfajiri ndani ya chumba chenye jiko la kuni, kikaachia ukitoka nje, ni dalili ya kaboni monoksaidi mpaka ithibitike vingine. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo usitegemee pua ikuonye. Inatoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha, na wewe usiku unaunyima moto hewa kwa mkono wako mwenyewe. Mtu huanza na kichwa kizito na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na usingizi huo ndio unaoua. Usiku wa leo usibane jiko. Kikukuta kichwa pamoja na kizunguzungu au kutapika, mtoe mama mkwe nje, toka na wewe, piga 112. Hata ukipata nafuu nje, nenda kwa daktari umweleze habari ya jiko, na mpeleke mama pia.

Huo mkaa usiununue. Jiko la mkaa ambalo kwetu linakaa barazani au kwenye jiko lililo wazi pande zote, ukilifungia ndani ya chumba cha Rhodope ni kaburi. Nyumba nyingi za kule zilikuwa na madirisha ya mbao yaliyopitisha upepo, na sasa wenyewe wameweka ya plastiki yenye mpira ukingoni. Nyumba imebana, hewa haiingii, na jiko linavuta hewa ile ile mnayopumua. Kwa hiyo jiko likiwaka, dirisha la chumba hicho liachie upenyo wa kidole kimoja. Joto litakalopotea ni dogo.

Kesho mwagize mtu anayekwenda Smolyan akuletee king'ora cha kaboni monoksaidi chenye alama EN 50291. Nunua viwili. Kimoja kiwe chumba chenye jiko, mita 1 mpaka 3 kutoka kwenye jiko, kingine chumba cha kulala, usawa wa kichwa cha aliyelala. Kisha mtafute fundi wa kusafisha dohani. Kuni mbichi huacha masizi ya kunata kama lami ndani ya bomba. Masizi hayo huziba njia ya moshi, na siku yakipata moto mkali yanawaka humo humo ndani ya dohani. Dohani husafishwa kabla ya msimu, na ukichoma kuni kama zako, katikati ya msimu pia.

Ukiwasha, weka magogo mawili makubwa chini, madogo juu yake, vijiti juu kabisa, na uwashe kutoka juu. Moto ushuke taratibu. Acha njia zote za hewa wazi dakika 15 hadi 20 mpaka dohani ipate joto, ndipo upunguze, na kupunguza si kufunga. Ongeza vipande viwili vitatu kwa mara moja badala ya kujaza. Usiku acha moto ufe wenyewe na utumie blanketi la sufi na chupa ya maji ya moto. Wenyeji wakati wa baridi huhamia chumba kimoja chenye jiko, wakalala, wakapika na kukaa hapo hapo. Fanyeni hivyo. Majivu yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na yakae nje mbali na ukuta wa mbao, maana kaa huweza kuishi ndani ya majivu hata siku nzima na zaidi.

Kuni mlizonazo hazitakauka mwezi huu. Leta ndani za wiki moja, zipange mita moja au zaidi kutoka kwenye jiko, na uchanganye na briketi za unga wa mbao zinazouzwa kwa mifuko, kwa sababu hizo ni kavu na zinaibeba kuni yenye unyevu.

Mwakani msinunue Oktoba. Kuni iliyokatwa karibuni, kama nusu ya uzito wake ni maji. Inayofaa jikoni iwe chini ya asilimia 20. Buk, ule mti mgumu unaopendwa zaidi milimani, ukipasuliwa na kupangwa mahali penye jua na upepo, juu umefunikwa na pembeni pako wazi, unahitaji kiangazi kizima kwa uchache, na miaka miwili ndiyo inayopendeza. Kuni kavu utaijua kwa nyufa zinazoanzia katikati ya ncha kwenda nje, kwa gome linalobanduka, na ukigonganisha vipande viwili vinalia, havifanyi "bup".

Kule kuni hupimwa kwa kubiki, yaani mita ya ujazo, na hapo ndipo mgeni huliwa. Kuna kubiki iliyopangwa na kubiki iliyomwagwa. Kuni zilizomwagwa kwenye lori zina nafasi nyingi za hewa: kubiki moja iliyopangwa ni kama moja na nusu ya kumwagwa. Bei inaweza kuonekana rahisi kumbe ni ya kumwagwa, basi uliza kabla ya kukubaliana. Nyumba inayowasha chumba kimoja au viwili milimani kwa kawaida inahitaji kubiki 8 mpaka 10 zilizopangwa. Pita pia ofisi ya meya wa kijiji wakati wa masika uulize orodha ya kuni za misitu ya serikali kwa wakazi. Muuzaji yeyote awe na hati ya usafirishaji, kwani kuni bila hati ni kuni za wizi na faini inaweza kumfikia hata mnunuzi. Bei tangu tarehe 1 Januari 2026 ni kwa euro, ila wazee bado wanataja lev, fedha yao ya zamani. Gawanya kwa mbili utakuwa karibu kabisa, kwa sababu kiwango rasmi ni lev 1.95583 kwa euro moja.

Na mama mkwe, kama kipato chake ni pensheni ndogo, aombe msaada wa serikali wa kupasha nyumba joto. Maombi hupokelewa kuanzia tarehe 1 Julai hadi 31 Oktoba kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Wengi hukumbuka theluji ikishaanguka, na muda wa kuomba umeshapita.

Mabomba: bomba la uani lifungwe Novemba na maji yamwagwe yote. Usiku wa chini ya nyuzi 10 hasi, acha bomba la ndani lidondoshe matone. Likiganda, lipashe kwa taulo za maji ya moto au mashine ya kukaushia nywele, kamwe si kwa moto. Na usipite chini ya mapaa yanayoning'iniza barafu.

Sasa watu.

Picha za milangoni ni tangazo la msiba na kumbukumbu, hakuna anayetafutwa. Familia hubandika mtu anapofariki, kisha tena siku 40, miezi sita, mwaka, na miaka inayofuata, mlangoni kwa marehemu, kituo cha basi, kwenye nguzo. Ukiona sura ya jirani aliyekufa hivi karibuni, nenda ukawape pole. Na kama unapeleka maua, msibani ni idadi shufwa, mbili au nne, na kwa walio hai ni witiri. Ukikosea hilo kwenye siku ya kuzaliwa ya mtu utaona nyuso zikibadilika, na sababu hutaambiwa.

Rakia kataa mara moja, mapema, ukitabasamu, mkono kifuani, utaje sababu yako halisi kisha uombe ayran, mtindi wao wa kunywa. Wanaoteseka ni wageni wanaotoa visingizio, leo dawa, kesho tumbo. Kisingizio kinajadiliwa, dini haijadiliwi. Nyama ya nguruwe imo kwenye soseji nyingi na kwenye baadhi ya supu, hivyo uliza kabla ya kuonja hata kwenye nyumba ya Mwislamu. Viatu vivue mlangoni, utapewa vya ndani.

Kuhusu ukimya wa wazee juu ya dini, mwanangu, lichukue kwa uzito. Waislamu wanaozungumza Kibulgaria wa Rhodope walilazimishwa kubadili majina zaidi ya mara moja katika karne ya 20. Kampeni kubwa ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mehmed akaandikwa jina la Kislavoni, na waliokataa walipigwa na kufungwa. Mwaka 1984 na 1985 zamu ikawa ya Waturuki wa Bulgaria. Machi 1990 sheria iliruhusu watu kurudisha majina yao. Wengine walirudisha, wengine walibaki na la serikali, na familia nyingi zimekuwa na mawili: moja la ofisini, moja la nyumbani. Bibi wa mtoto yule huenda aliyaona hayo kwa macho yake akiwa kijana.

Kwa hiyo darasani muulize kila mtoto anapenda aitwe nani, umwite hivyo, basi. Usimuulize mbele ya wenzake kwa nini ana majina mawili. Usiwaite Waislamu hao "Pomak" kwa sababu umelisoma jina hilo mahali: wapo wanaojiita hivyo wenyewe, na wapo wanaoliona ni tusi. Sali zako, salimia msikitini, wakati wa Bayramu, yaani Idi, peleka sahani ya kitu kwa majirani, Waislamu na Wakristo sawasawa. Watakaotaka kukusimulia watakusimulia, na ukiona wameanza, funga mdomo usikilize.

Kutazamwa kutapungua. Nywele ni zako. Mtu mzima akinyoosha mkono, rudi hatua moja na useme "ne" kwa upole. Kwa watoto fanya iwe kanuni ya klabu: tunauliza kwa Kiingereza kabla ya kugusa kitu cha mtu, na jibu linaweza kuwa hapana. Hilo ni somo zima la "May I?" bila kufungua kitabu. Kukitokea matusi ya kweli, mwambie mkuu siku hiyo hiyo, na uandike tarehe na maneno yaliyosemwa. Bulgaria ina Tume ya Kulinda dhidi ya Ubaguzi, na malalamiko ya maandishi huanza na kumbukumbu kama hizo.

Na mwili wako pia. Desemba kule urefu wa mchana ni kama saa tisa tu, na jua la majira hayo haliipi ngozi yetu vitamini D ya kutosha. Mwambie daktari apime kabla hujajinunulia vidonge. Unga wa mahindi upo: wenyewe hupika kachamak, ugali wao, wakala na jibini na siagi. Ni wa njano na chenga zake ni kubwa kuliko sembe, kwa hiyo utahitaji moto mdogo na muda mrefu zaidi wa kuusonga.

Sasa darasa lako, ambalo haliko pabaya hata kidogo.

Tuanze na kichwa, kile cha kutikisa. Mbulgaria akikubali huyumbisha kichwa kushoto na kulia. Akikataa hukirusha juu mara moja, pengine na mlio mdogo wa ulimi. Wale watoto walikuwa wanakwambia ndiyo, tumeelewa, nawe ukawafundisha upya. Lakini jambo zito zaidi ni kichwa chako wewe. Mtoto anaposoma, mwalimu wa kwetu humtia moyo kwa kuinamisha na kuinua kichwa. Mtoto wa Rhodope anaona mwalimu anamkatalia kila neno. Nani asingenyamaza? Na usijaribu kuiga mtindo wao, kwa sababu baadhi yao, wakijua wewe mgeni, hugeuza wao ili wakusaidie, na hapo hakuna anayejua lipi ni lipi. Tuliza kichwa kabisa. Tumia kidole gumba, au mpe kila mtoto kadi mbili, ya kijani na nyekundu. Na swali la "mmeelewa?" liache hata kama mngekuwa Tanga, maana mtoto hukubali ili apone. Mpe kazi: "Nionyeshe", "Chora", "Mwambie mwenzako".

Sababu ya pili ya ukimya ni alama. Kule alama ni 2 mpaka 6. Sita ni bora, mbili ni kufeli, na mtoto anaogopa mbili kuliko fimbo. Tangaza kwamba kwenye klabu hakuna alama. Mtoto akizungumza usimkatize kumsahihisha. Andika makosa matatu kwenye daftari lako, mwisho wa kipindi yaandike ubaoni bila jina la mtu, wote wayarekebishe pamoja. Ukiuliza swali, hesabu moyoni mpaka tano kabla ya kusema neno lolote. Walimu wengi hujibu swali lao wenyewe kwenye sekunde ya pili.

Wadogo wanaosoma vingine hawajakosea kwa uvivu. Wanasoma Kikirili, alfabeti yenye herufi 30, na baadhi zinafanana na zetu kwa sura lakini zina sauti nyingine. Kwao B kubwa ni "v", H ni "n", P ni "r", C ni "s", X ni "h", Y ni "u". Na huo mwandiko wako mzuri wa kuunganisha ndio unaozidisha, kwa sababu kwenye mwandiko wa Kikirili kinachoonekana m ni "t", n ni "p", u ni "i", na g ni "d". Andika herufi za chapa, zilizotengana, mpaka mwisho wa mwaka.

Zifundishe kwa makundi, usifuate a, b, c. Kwanza A, E, K, M, O, T, ambazo sura na sauti vinakaribiana na zao, na kwa hizo peke yake wanasoma "make", "take", "tea", "meat", "team". Mtoto anajiona anasoma Kiingereza siku ya kwanza. Kisha herufi 14 ambazo kwao ni sura mpya kwa chapa kubwa: D, F, G, I, J, L, N, Q, R, S, U, V, W, Z, tatu au nne kwa kipindi. Zile sita za uongo, B, C, H, P, X, Y, ziweke mwisho, moja moja, kila moja na kadi yenye rangi tofauti. Vitabu vingi vinaanza na B na C kwa sababu ya mpangilio wa alfabeti, na hapo ndipo wadogo hupotea.

Kwenye matamshi una hazina. Kibulgaria hakina sauti ya th wala dh, wao husema "t", "d", "s" au "z". Wewe umekulia kwenye thamani na dhahabu. Waonyeshe ulimi kati ya meno, kila mmoja na kioo kidogo. Pia w yao hugeuka v, na konsonanti ya mwisho hupoteza mtetemo, "bag" ikawa "back". Waambie waweke vidole kooni wausikie mtetemo mpaka mwisho wa neno. Upande wako, angalia usiwaongezee irabu mwishoni, maana hiyo ndiyo tabia yetu sisi.

Rika mchanganyiko ni faida ukiligawa sawasawa. Tenga makundi matatu: darasa la 2 na 3, la 4 na 5, la 6 na 7. Dakika 10 za mwanzo wote pamoja kwa salamu na mchezo wa maneno. Dakika 30 zinazofuata kazi ni moja, ugumu tofauti: picha ya kijiji ikiwa mezani, wadogo wanataja vitu, wa kati wanasema kipo wapi, wakubwa wanaeleza njia kutoka chitalishte mpaka kituo cha basi. Wewe unakaa na kundi moja dakika 10, unahama. Dakika 15 wanachanganyika, mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Mkubwa asiyethubutu kusema mbele yako atasema mbele ya mtoto wa miaka minane. Dakika 5 za mwisho ni yale makosa matatu.

Mchezo mmoja unaoamsha hata walio mawe ni imla ya kukimbia. Bandika ukutani, nje ya chumba, maandishi ya maneno 40 kwa herufi kubwa. Katika kila jozi mmoja ni mkimbiaji, mwingine mwandishi. Mkimbiaji anakwenda, anakariri kipande, anarudi kukisema, mwandishi anaandika. Katikati wanabadilishana. Haiwezekani kuumaliza bila kusema, na hakuna anayekumbuka kuona haya. Huharibika kwa sababu mbili: maandishi marefu mno, au mkimbiaji kupiga kelele akiwa ukutani. Weka alama sakafuni, kusema ni ndani ya alama tu.

Darasa la 7 waachie nafasi. Juni wana mtihani wa taifa wa Kibulgaria na hisabati, na matokeo ndiyo yanayoamua shule ya kuanzia darasa la 8, zikiwemo zile za lugha zinazotafutwa sana. Wazazi wanawalipia masomo ya ziada alasiri. Ukishindana na mtihani huo utashindwa. Wape nusu saa yao peke yao kwa wiki, siku waliyochagua wenyewe, mpaka mtihani upite. Mkuu naye muelewe: fedha za shule kule huja kwa idadi ya wanafunzi, na vijiji vinapungukiwa na watoto kila mwaka. Klabu yako inasaidia wazazi waone sababu ya kutompeleka mtoto shule ya mjini.

Kitu wanachokosa ni mtu wa kuzungumza naye Kiingereza kwa haja. Wenyewe kwa wenyewe wana Kibulgaria, kwa nini wajitese? Baba zao wengi wako kazini nje, Ujerumani, Uingereza, Hispania, lakini nao wanaongea Kibulgaria kwenye simu. Wageni wa kiangazi wanaokwenda Bonde la Trigrad na pango la Koo la Shetani, ambako mto huingia ndani ya mlima na kutokea upande wa pili, ni sababu nzuri. Wakubwa waandae maelezo ya dakika mbili kwa nyumba za wageni za hapo kijijini. Ila wageni hao ni wa Julai.

Sasa hivi una shule ya Tanga. Wanafunzi wako wa zamani, au wa mwalimu mwenzako, hawajui Kibulgaria, na wa Rhodope hawajui Kiswahili, hivyo Kiingereza ndiyo njia pekee iliyobaki. Fanya kwa ujumbe wa sauti kwenye simu yako na ya mwalimu wa kule, watoto wasipeane namba. Sekunde 45, watoto wawili kwa wiki, kila ujumbe uishe na swali moja. Wa kwako waeleze namna ya kupanga kuni na theluji inavyofika madirishani, wa Tanga waeleze mkonge na bahari. Chukua ridhaa ya maandishi ya wazazi kwanza, ya sauti peke yake na ya picha peke yake, na umwonyeshe mkuu na mwenyekiti wa chitalishte fomu hiyo. Mkitaka kuongea moja kwa moja, kumbuka Tanga iko saa moja mbele yenu kutoka mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, na miezi mingine mnalingana. Saa tisa alasiri kwenu majira haya ni saa kumi kwao, shule za kutwa zinakaribia kutawanyika, kwa hiyo mwalimu wa kule awapange mapema wale wanaoishi karibu.